Ergo, Mimi Ndiye Mshindi

Salamanca, Jumatatu, tarehe 5 Mei, 1567

Limebandikwa! Jina langu liko kwenye mlango mkubwa wa chuo, kwa wino mweusi: Toribio Carrascal atatetea dai lake Jumamosi hii mbele ya Mwalimu Ordoño. Nimelisoma mara tisa. Mara ya kumi bawabu akaniomba nisogee, watu wengine nao wana majina yao.

Dai langu ni hili: kati ya wanyama wote, mtu peke yake ndiye mwenye akili. Dai zuri na rahisi. Nani atabisha? Punda?

Barua ya Mjomba Wamba nayo imefika leo. Fupi, kama kawaida yake. Anasema miaka mitatu inatosha. Nikishinda Jumamosi, nibaki chuoni. Nikishindwa, kuna ngozi mia mbili kwenye mashimo ya chokaa na hana mtu wa kuzikwangua nywele. Anasema anakuja kushuhudia kwa macho yake. Nimeinusa ile karatasi. Inanuka kiwanda chake cha ngozi.

Sitaki kurudi kule. Naandika wazi kwa sababu hapa hapana anayesoma ila mimi. Nikifikiria lile shimo, na mikono ya mjomba iliyochubuka hadi viwiko, nafungua kitabu tena.

Lakini nina silaha. Neno moja tu la Kilatini: ergo. Maana yake kwa hiyo basi. Unaweka kauli ya kwanza, unaweka kauli ya pili, halafu unasimama kidogo, unavuta pumzi, unasema ergo, na ukumbi mzima unainamisha vichwa. Mwalimu Ordoño amelisema mara tatu tu tangu mwaka uanze. Nilikuwapo zote tatu. Mara ya pili nilitokwa na machozi, ingawa sikuelewa alichokuwa anazungumzia.

Jioni Ginés Lobatón, tunayelala naye chumba kimoja, alinipa nusu ya bakuli lake la dengu. Ginés ni mtoto wa mchoma mkaa, na ndiye kichwa cha darasa letu. Amepangwa kunipinga Jumamosi. Mtu anayeogopa hali chakula. Ginés hakumaliza chakula. Ergo Ginés ananiogopa.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Siku ya mazoezi. Nimeazimia kusema ergo mara arobaini kabla jua halijazama, ulimi uzoee.

Nilianzia sokoni, kwa mama mmoja muuza mikate. Nikamwambia mikate yote ni ya Mungu. Akakubali. Nikamwambia mali ya baba ni ya mtoto, nami ni mtoto wa Mungu. Akakubali. Ergo, nikamwambia, mkate huu ni wangu. Nikaunyoosha mkono. Akaupiga kwa fimbo ya kukandia unga. Akasema yeye naye ni mtoto wa Mungu, tena mtoto aliyeamka alfajiri akawasha tanuri, wakati mtoto mwenzake amelala fofofo. Watu wakacheka. Mama yule angekuwa hatari sana chuoni, nashukuru wanawake hawaruhusiwi.

Mezani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mama Quiteria, mwenye nyumba yetu, alileta supu. Nikasema supu hii ni nyepesi, maji ni mepesi, ergo supu hii ni maji. Mama Quiteria akaniondolea bakuli. Akasema, "Mwanangu, hilo dudu lako likitoka tena mezani kwangu, utakula nalo huko barabarani."

Ginés akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanieleza, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba hata kama supu kweli ni maji, mimi sikuonyesha hivyo. Maziwa nayo ni mepesi. Akasema ergo haiongezi kitu chunguni. Inafunua kifuniko tu, ikakuonyesha kilichokuwamo tayari. Ukiwa hukuweka nyama, funua upendavyo, hutaona nyama.

Nimeyaandika kwa sababu yalinipendeza. Huyu kijana anaongea vizuri, jamani! Halafu hata hajui kwamba anaongea vizuri. Lakini chungu na Kilatini wapi na wapi? Mtu anayezungumzia vyungu katikati ya wiki ya mjadala amechoka akili. Ergo nimeshamtangulia.

Jumla ya leo: ergo thelathini na nane. Mbili nimezisema kitandani kukamilisha.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Mpango umekamilika!

Hivi ndivyo mjadala unavyokwenda. Wapinzani watatu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja anatoa hoja yake: kauli mbili na ergo. Mteteaji lazima kwanza airudie hoja yote neno kwa neno, asikosee hata herufi, ndipo ajibu kila kipande: nakubali, au nakana. Na ulichokwisha kukubali au kukana mbele ya Mwalimu hukirudishi tena mdomoni. Hiyo ndiyo sheria.

Kurudia naweza. Nina kumbukumbu ya kasuku, wote wanajua. Kujibu ndiko kunakonitoa jasho. Ergo, kwa nini nisubiri kuulizwa ndipo nijue jibu?

Mpinzani wa kwanza ni Bermudo, mtu mnene mwenye moyo mwema. Nimempa paja zima la nguruwe lililokaushwa, lile la Pasaka kutoka kwa mjomba. Atasema: kila anayecheka ana akili, punda hucheka, ergo punda ana akili. Nitajibu: la kwanza nakubali, la pili nakana. Punda hacheki, analia tu.

Wa tatu ni Froilán, binamu yake Bermudo. Nimempa jibini. Atasema: kila chuo kizuri hulea watu werevu, Salamanca ni chuo kizuri, ergo Salamanca hulea watu werevu. Nitajibu: nakubali yote. Ukumbi utashangilia, maana nani hapendi kusifiwa?

Wa pili, katikati yao, ni Ginés. Ginés hanunuliki. Nimewahi kumwona akimrudishia Mama Quiteria yai alilopewa kwa makosa. Basi alipokwenda misa nikafungua daftari lake. Najua. Najua! Lakini Mungu aliniona pia Jumanne sokoni, tayari tuna mazungumzo.

Hoja yake hii hapa: kila punda ana masikio mawili, mteteaji ana masikio mawili, ergo mteteaji ni punda. Hoja ya kitoto kabisa! Hata mimi nimeona jibu papo hapo: la kwanza nakubali, la pili nakubali, hitimisho nakana. Kwa pembeni alikuwa ameandika: "Hii ataiweza." Sijui alikuwa anamzungumzia nani.

Mtu mwenye hoja nzito haandiki hoja nyepesi. Ergo Ginés kaishiwa.

Majibu yangu ni matatu, nimeyakariri kwa mpangilio, sihitaji hata kuzifikiria hoja. La kwanza: nakubali, nakana. La pili: nakubali, nakubali, nakana hitimisho. La tatu: nakubali yote. Nimeyaimba nikienda kisimani na nikirudi.

Alhamisi, tarehe 8 Mei. Sikukuu ya Kupaa

Hakuna darasa. Mjomba Wamba amefika na nyumbu wake. Barabara nzima ilijua kwamba amefika, upepo ulikuwa unatoka upande wake.

Nilitaka kumficha chumbani. Ginés akamkalisha mezani, akamuuliza habari za ngozi. Akamuuliza kweli kweli, kama mtu anayetaka kujua! Mjomba akasema: ngozi ikikaa siku za kutosha kwenye chokaa, nywele zinatoka kwa kuvutwa na vidole viwili, hii nimeivuta na zimetoka, lakini bado siitoi shimoni. Ginés akauliza kwa nini. Mjomba akasema kwa sababu nywele hutoka pia kwenye ngozi iliyooza, ergo, hakusema ergo, alisema basi, ni lazima kwanza uinuse.

Ginés akapiga meza kwa kiganja. Akasema, "Mjomba, nusu ya wenzangu wangeitoa shimoni!" Akanigeukia, macho yanameremeta. Akasema mjomba wangu hajui Kilatini hata tone, lakini anajua ergo inaposimama na inapokataa kusimama.

Mjomba aliona haya. Sijapata kumwona mjomba akiona haya. Akaniuliza kama na mimi najua vitu hivyo. Nikasema ninavijua vyote. Akasema, "Mpwa wangu, natamani iwe kweli. Mimi mwenyewe shimo lile silipendi."

Sikujua hilo. Miaka yote hii nilidhani analipenda.

Baadaye Ginés alisema tufanye mazoezi pamoja, yeye anipinge, mimi nijibu, mchana kutwa nikitaka. Nikakataa. Sikuzaliwa jana! Anayetaka kukusikiliza anataka kukuibia. Ergo ni mpelelezi.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Hapa kwetu mtu akipata udaktari wa chuo, jina lake huandikwa ukutani kwa damu ya fahali, pamoja na neno mshindi. Rangi nyekundu nzuri, haitoki miaka na miaka. Mimi si daktari bado. Lakini nikishinda kesho nitaendelea, nikiendelea nitafika, ergo ni suala la muda tu. Kwa nini niwasumbue watu baadaye?

Nilichukua damu machinjioni na brashi ya Mama Quiteria ya kupakia chokaa. TORIBIO MSHINDI, ukutani, mkabala na chuo, kila herufi urefu wa mkono. Mbwa wanne walikuja kunisaidia. Walilamba T ya kwanza, nikaiandika upya.

Mama Quiteria alitambua brashi yake. Sitaandika aliyoyasema, hili ni daftari la heshima. Aliapa kwamba nitaisugua damu ile mwenyewe, nimepiga magoti. Nikamwomba angoje angalau mpaka Jumamosi jioni.

Bermudo naye alikuja mbio, kijasho kinamtoka. Akasema nifute upesi. Akanikumbusha wale wasomi wa lile bweni la wateule, wenye kitambaa cha zambarau begani. Kwa desturi, mmoja wao akiingia kwenye mjadala wowote, yeye ndiye anayetangulia kupinga, na wengine wote wanasogezwa nyuma kwa nafasi moja, wa mwisho anakosa zamu. Akasema, "We Toribio, wakiliona hilo jina watakuja kukuona ulivyo!"

Nikamtuliza. Miaka mitatu sijawahi kumwona mmoja wao akija Jumamosi kumsikiliza mtu wa ngozi. Hawajawahi kuja. Ergo hawaji.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Nitaandika yote. Nikiruka kitu sitalala.

Ukumbi ulijaa. Mjomba alikaa benchi la nyuma, amejipaka siki ili asinuke, sasa ananuka siki na ngozi. Mwalimu Ordoño alikaa juu, amefumba macho. Mimi kwenye kiti cha mteteaji. Bermudo akanikonyeza. Nikajisikia vizuri.

Mlango ukafunguka. Kitambaa cha zambarau.

Akainama kwa adabu mbele ya Mwalimu. Akasema ameliona jina fulani ukutani tangu jana, amekuja kumjua mwenyewe. Ukumbi ukacheka. Akakaa kiti cha kwanza. Bermudo akasogea cha pili, Ginés cha tatu, na Froilán, pamoja na jibini langu tumboni, akarudi kwenda kuketi na watazamaji.

Nilipaswa kufikiri. Lakini majibu yalikuwa yamejipanga mdomoni, na ukumbi ule wote ukinitazama nilishindwa hata kulikumbuka jina la mama yangu.

Mgeni akasema hoja yake. Ilikuwa ya heshima, ya kumkaribisha mteteaji tu: kila mtu ana akili, Toribio ni mtu, ergo Toribio ana akili. Nikairudia bila kosa. Kisha nikajibu jibu la kwanza. La kwanza nakubali. La pili nakana.

Mwalimu Ordoño akafumbua jicho moja. Akauliza kama mteteaji anakana kwamba yeye ni mtu.

Nikasema, "Nakana."

Wanafunzi wakaanza kukanyaga sakafu kwa miguu, kama wafanyavyo mtu akiharibu. Vumbi likapanda hadi darini.

Bermudo akasimama, uso umemwiva. Maskini alisema hoja yake ileile, hakujua nyingine. Kila anayecheka ana akili. Punda hucheka. Ergo punda ana akili. Mimi nikatoa jibu la pili: nakubali, nakubali, nakana hitimisho. Ndiyo. Nilikubali kwamba punda hucheka. Nikakubali kwamba achekaye ana akili. Nikakataa kinachofuata, kana kwamba nimemwona kuku akitaga nikakana kuna yai. Bermudo alitikisa kichwa kunionya, nikadhani ananipongeza.

Miguu! Sikujua miguu ya binadamu ina kelele kiasi hicho. Nilimwona mjomba. Hajui Kilatini, lakini alikuwa amekwisha kushika kofia yake, tayari kuondoka nami.

Kikabaki kiti cha tatu. Jibu lililobaki ni nakubali yote. Na hoja ya Ginés, ile ya daftarini, ilimalizia kwa kusema mimi ni punda. Nilikwisha kusema kwamba mimi si mtu. Sasa nitakubali kwamba ni punda, mbele ya Mwalimu, na halirudishwi mdomoni. Nililiona shimo la chokaa kama ninavyoiona karatasi hii.

Ginés akasimama. Hakufungua daftari. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo, kama mjomba anavyotazama ngozi kabla ya kuinusa. Miguu ikanyamaza yenyewe, maana Ginés akitaka kusema watu hunyamaza.

Akasema: hakuna punda aliyewahi kutoa jibu lenye kosa.

Akasema: mteteaji, mbele yetu sote leo, ametoa majibu mawili yenye makosa.

Akavuta pumzi.

"Ergo," akasema, taratibu, "mteteaji si punda. Na asiyefikiri hawezi kukosea katika kufikiri. Mteteaji amekosea. Ergo anafikiri. Ergo ana akili, na dai lake kwamba mtu ana akili na punda hana limesimama, na shahidi wake ni yeye mwenyewe."

Ee Mungu wangu! Nilirudia maneno yake yote, kila neno mahali pake, na nilipokuwa nikiyarudia niliyasikia kwa mara ya kwanza, kitu kimoja kikikishika kingine mkono mpaka mlangoni. Kisha nikajibu jibu langu la tatu.

"Nakubali yote."

Ukumbi ulilipuka. Si miguu, ni makofi! Yule wa zambarau alisimama akavua kofia, akamvulia Ginés. Mwalimu Ordoño alifumbua macho yote mawili, akacheka mpaka akajifuta kwa mkono wa joho. Akatamka hukumu: dai limeshinda, limetetewa na mpinzani. Mteteaji hajashinda wala hajashindwa. Arudi siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni, alitetee mwenyewe. Hapatakuwa na mara nyingine.

Nje, mjomba alimwomba Ginés amweleze kilichotokea. Ginés alimweleza ukweli, lakini aliuchagulia maneno. Mjomba akafikiri. Akasema ngozi mia mbili zinaweza kusubiri hadi Juni, akaivaa kofia yake. Kabla hajapanda nyumbu alimshika Ginés mkono kwa mikono yote miwili. Mimi alinishika sikio.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Nimesugua ukuta tangu misa ilipokwisha. Damu ya fahali haitoki. Mama Quiteria amekaa kwenye kigoda ananionyesha sehemu nilizoacha.

Ginés alikuja na brashi ya pili, akapiga magoti kando yangu bila kuombwa. Nikamuuliza alijuaje. Akasema ilikuwa wazi. Jibu la kwanza halikufaa hoja ya mgeni, lakini lingefaa sana ya Bermudo. Jibu la pili halikufaa hoja ya Bermudo, lakini lingefaa sana hoja moja ambayo haikuwapo popote duniani isipokuwa ndani ya daftari lake. Ergo nilikuwa nimekariri kwa mpangilio, na kila kitu kimesogea nafasi moja. Na Froilán, aliyekosa nafasi, alikuwa ameonekana siku tatu akila jibini lisilo lake. Mtu aliyepewa jibini hawezi kuwa na hoja ya kukanwa. Ergo jibu langu la tatu ni kukubali yote. Kilichobaki, alisema, kilikuwa kutafuta kitu ambacho ni sawa nikikikubali.

Na yote hayo aliyafikiri kwa muda wa kusimama kutoka kwenye kiti! Niliacha kusugua. Nilimtazama kijana huyu mwenye kucha nyeusi za mkaa wa baba yake na nikataka kulia. Sitapata kuona tena kitu kizuri namna ile hata nikiishi miaka mia.

Akaniuliza, bila hasira, kama nilifungua daftari lake.

Nikasema, "Nakana."

Akacheka. Akasema basi tuanze kesho, kila siku baada ya chakula, hadi Juni. Sharti lake moja: nisikariri jibu lolote, nisikilize hoja kwanza. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nililimaanisha kila neno.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Ginés ananiita kutoka chini. Ameshafungua vitabu. Nimemwambia nakuja, namalizia sala.

Nimefikiri usiku kucha, tena kwa utaratibu, kama alivyonifundisha jana ukutani. Mwanafunzi mwema hutazama kilichotokea, si anachotamani. Basi nimetazama.

Jumamosi nilijibu mara tatu. Mara ya kwanza nilikana kitu, nikakanyagiwa miguu. Mara ya pili nilikana kitu, nikakanyagiwa miguu zaidi. Mara ya tatu sikukana chochote, nikapigiwa makofi na mtu wa zambarau akavua kofia.

Kauli zote za kweli kabisa. Hata Ginés hawezi kuzipinga. Na hitimisho limejifunua lenyewe, sijaongeza hata chumvi.

Ergo, tarehe 24 Juni nitakubali yote, kila watakachosema, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, hata kabla hawajamaliza kusema.

Sitamwambia Ginés sasa hivi. Maskini anajitahidi sana kusoma, itamvunja moyo.